Damu Isiyokoma: Habari za Visahani vya Damu

Wasikilizaji wetu, mtu akijikata kidole kwa kisu hukibana kwa kitambaa, hungoja kidogo, na damu hukoma. Jambo hili ni la kila siku hata hatulistaajabii. Walakini katika dakika zile chache imefanyika kazi kubwa ndani ya jeraha, na wako watu ambao kwao kazi hiyo haitimii. Habari za watu hao, na za wale waliotafuta sababu ya mateso yao, ndizo tunazotaka kuzisimulia leo.

Damu twaiona nyekundu, twadhani ni kitu kimoja. Sivyo. Mna maji yenye rangi ya manjano. Mna chembe nyekundu zinazochukua hewa safi mwilini. Mna chembe nyeupe zinazopigana na maradhi. Tena mna vitu vidogo kuliko hivyo vyote, vyenye umbo la sahani, navyo tutaviita visahani vya damu. Ukivipanga visahani 400 katika mstari mmoja, urefu wake haupiti sana milimita 1. Na katika tone dogo lenye milimita 1 kwa urefu, upana na kimo, mtu mzima huwa na visahani 150,000 hata 450,000. Huzaliwa katika uboho wa mifupa, huishi siku 7 hata 10, kisha hufa na vingine hushika zamu.

Wataalamu wa kwanza walioviona kwa darubini walikuwa na shaka navyo. Wengine walisema ni mabaki tu ya chembe zilizovunjika. Mwaka 1882 Giulio Bizzozero, bingwa wa mji wa Torino katika nchi ya Italia, aliiondoa shaka hiyo. Hakutosheka na damu iliyokwisha kutoka mwilini, bali alitazama mishipa myembamba ya wanyama wadogo walio hai, damu ingali ikipita. Palipojeruhiwa mshipa, aliviona visahani vikija kujibandika pale pale, vikishikamana hata vikawa rundo.

Aliyepata kumwona fundi wa majahazi akitia kalafati ataelewa upesi. Maji yakipenya katikati ya mbao, fundi huipachika pamba katika ule ufa, akaigongomea mpaka ikaziba. Visahani ndiyo pamba ya mwili. Mshipa ukipasuka hujibandika, hubadili umbo vikatoa kama mikono, na humwaga dawa yake inayoviita vingine. Baadaye maji ya damu hutoa nyuzi nyembamba zinazolifunga lile rundo kama wavu, likawa donge gumu. Basi kazi ni mbili, kuziba na kuganda. Wala si lazima zikosekane pamoja. Hili tunaomba msilisahau, maana ndilo litakalotufungulia habari inayofuata.

Kuzipima kazi hizo zilihitajiwa njia mbili. Ya kuganda ni rahisi: damu hutiwa katika kichupa ikatazamwa. Ya kuziba ilitolewa mwaka 1910 na daktari wa Marekani, William Duke, nayo yatupendeza kwa wepesi wake. Alikata kidogo ndewe ya sikio, na kila nusu dakika akaigusa damu kwa karatasi ya kukaushia wino. Madoa yalipungua moja baada ya moja, na kwa mtu mzima wa afya damu ilikoma baada ya dakika 1 hata 3. Karatasi yenyewe ikawa ushahidi.

Sasa twendeni mbali, mpaka visiwa vya Åland, vilivyo katika bahari iliyo kati ya Uswidi na Ufini. Mwaka 1924 mtoto wa kike mwenye umri wa miaka 5 alitoka katika kisiwa kimoja cha huko, kiitwacho Föglö, akapelekwa Helsinki kwa daktari Erik von Willebrand. Alipokuwa na miaka 3 aliumia mdomo, na jeraha lile lilimtoa damu siku 3, karibu afe. Nyumbani kwao walizaliwa watoto 12. Dada zake 4 walikufa wangali wadogo, na kila mmoja aliuawa na damu isiyokoma.

Siku zile ugonjwa wa kutokwa na damu uliojulikana zaidi ni ule uitwao hemofilia, ambao huwashika hasa wanaume, na wanawake huurithisha. Lakini hapa waliokufa walikuwa wasichana! Daktari mvivu angaliliita jambo hili bahati mbaya ya nyumba moja. Von Willebrand hakufanya hivyo. Alikusanya habari za jamaa 66 wa ukoo ule, akaona 23 miongoni mwao wana dalili za ugonjwa, wanawake 16 na wanaume 7. Baba na mama wa mtoto yule walikuwa wote wawili wametoka katika koo zenye ugonjwa huo. Aliihesabu idadi ya visahani, akaikuta ni ya kutosha. Aliitia damu katika kichupa, ikaganda kama ya watu wote. Akapima kwa njia ya Duke, na hapo damu ikakataa kukoma. Mwaka 1926 aliyaandika hayo yote kwa lugha ya Kiswidi, akasema kwamba ugonjwa huu si hemofilia, bali ni mwingine. Alidhani kwamba kosa limo katika visahani vyenyewe na katika kuta za mishipa.

Mtoto yule hakupona. Alifika umri wa miaka 13, akavunja ungo, na hedhi yake ya nne ikamwua.

Von Willebrand naye alifariki mwaka 1949, fumbo lingali halijafumbuliwa. Mwaka 1957 wataalamu wa Uswidi, na miongoni mwao madaktari wawili wanawake, Inga Marie Nilsson na Margareta Blombäck, walikwenda Åland kuwapima watu wa ukoo ule ule. Waliwatia dawa iliyotengenezwa kwa maji ya damu ya watu wengine, isiyokuwa na visahani, na damu yao ikakoma upesi kuliko kwanza. Basi visahani havikuwa na kosa. Kilichokosekana ni kitu kilicho katika maji ya damu, gundi inayovishika visahani na kuvibandika penye jeraha. Pamba ilikuwapo, lakini haikushika. Siku hizi twajua kwamba gundi hiyo ni protini inayofanyizwa zaidi na ngozi ya ndani ya mishipa, nayo imepewa jina la yule daktari wa Helsinki.

Kipimo chake kilipatikana kwa njia ya ajabu kidogo. Palikuwa na dawa ya kuua vijidudu, ristosetini, iliyoachwa kwa sababu iliwapunguzia wagonjwa visahani vyao. Mwaka 1971 ilitambulikana kwamba dawa hiyo huvikusanya visahani ikiwa ile gundi ipo, na isipokuwapo havikusanyiki. Hivyo dawa iliyotupwa ikarudi kuwa kipimo.

Matibabu nayo yapo. Wenye ugonjwa mwepesi, wengi wao husaidiwa na dawa iitwayo desmopresini, iliyotumiwa kwa kazi hii tangu mwaka 1977. Huifanya mishipa itoe gundi iliyowekwa akiba. Wenye ugonjwa mkali, kama wa yule mtoto, hutiwa gundi yenyewe katika mshipa.

Twawaomba hasa kina mama watusikilize hapa, maana ugonjwa huu huonekana kwao zaidi, kwa ajili ya hedhi na uzazi, na mara nyingi huambiwa kwamba ndivyo wanawake walivyo. Mwenye muhina wa mara kwa mara unaopita dakika 10, au aliyeng'olewa jino akatoka damu mpaka kesho yake, au mwenye hedhi nzito tangu ya kwanza, na hasa ikiwa mama yake au ndugu zake wako vivyo hivyo, na amweleze daktari habari za ukoo mzima kabla ya kupasuliwa au kujifungua. Naye asijinunulie aspirini dukani. Kisahani kilichokwisha guswa na aspirini hakirudii nguvu zake mpaka kinakufa. Lakini mtu aliyepewa aspirini na daktari kwa ajili ya moyo asiiache kwa shauri lake mwenyewe, bali amwulize kwanza aliyempa.