Tuwajibu Watoto Wetu

(Mazungumzo yaliyosomwa katika mkutano wa ukoo, usiku wa kwanza, baada ya swala ya Isha)

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Wazee wangu, ndugu zangu, wanangu na wajukuu zangu,

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha, sisi tuliotawanyika kutoka Unguja hadi Maskati, Dubai, London na Toronto. Nimetakiwa niseme na vijana juu ya misingi ya dini. Mimi si shekhe. Nilikuwa mtumishi wa serikali, na kazi yangu ilikuwa majalada. Nitasema nao kama mzazi, na nitaanza kwa kutulaumu sisi wazazi.

Mtakumbuka kwamba kaka yangu alifariki hapa Uingereza wakati wa baridi. Jeneza lilipowekwa mbele, imamu aliuliza ni nani katika wanawe atakayeswalisha. Wanawe wawili, vijana waliosoma hadi chuo kikuu, wakatazamana, kisha wakarudi nyuma. Mmoja akaninong'oneza, "Ami, tunarukuu mara ngapi?" Nikamwambia, "Hakuna kurukuu, mwanangu. Wewe fuata takbira tu." Akasimama katika swala ya baba yake mzazi kama mgeni. Neno lile halijanitoka moyoni.

Kosa halikuwa lake. Tuliwapeleka watoto madrasa siku za Jumamosi, tukalipa ada, tukadhani tumemaliza. Binti yangu alipokuwa na umri wa miaka tisa aliniuliza kwa nini tunasema na Mungu kwa maneno tusiyoyafahamu. Nilikuwa nimechoka, ndiyo kwanza narejea kutoka kazini, nikamjibu, "Wewe swali tu, usiulize." Akatii. Hakuuliza tena, na baada ya miaka michache hakuswali tena. Nayasema haya kwa ruhusa yake.

Hali dini yetu yenyewe imefundishwa kwa maswali. Imepokewa na Sayyidna Umar, katika hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, kwamba siku moja alitokea mtu mwenye nguo nyeupe sana na nywele nyeusi sana, asiyejulikana na yeyote wala asiyekuwa na alama ya safari. Akaketi mbele ya Mtume (S.A.W.), magoti kwa magoti, akamwuliza Uislamu ni nini, imani ni nini, na ihsani ni nini. Akajibiwa kila swali. Alipouliza Kiyama kitakuwa lini, Mtume alisema kwamba yeye hakijui zaidi ya muulizaji. Alipokwisha ondoka, masahaba wakaambiwa kuwa yule alikuwa Jibrili, amekuja kuwafundisha dini yao. Basi ikiwa Malaika alifundisha kwa kuuliza, na Mtume hakuona aibu kusema kwamba hajui, sisi ni nani hata tuwafunge watoto midomo?

Sasa sikilizeni, wanangu.

Imani ina nguzo sita: kumwamini Mwenyezi Mungu, Malaika wake, Vitabu vyake, Mitume wake, Siku ya Mwisho, na Kadari, kheri yake na shari yake.

Uislamu una nguzo tano. Ya kwanza ni shahada, yaani kukiri kwamba hapana Mola apasaye kuabudiwa ila Allah, na kwamba Muhammad ni Mtume wake.

Ya pili ni swala. Faradhi za siku ni rakaa 17: Alfajiri 2, Adhuhuri 4, Alasiri 4, Magharibi 3 na Isha 4. Katika kila rakaa husomwa Alhamdu, yenye aya 7. Jibu nililopaswa kumpa binti yangu ni hili: twaswali kwa Kiarabu ili mtu wa Unguja na mtu wa Toronto wasimame safu moja bila ya kuhitaji mkalimani, lakini maana yake ni wajibu wetu kuitafuta kwa lugha tuijuayo. Kwa ajili hiyo Sheikh Abdullah Saleh Farsy alitutolea tafsiri kamili ya Kiswahili, Qurani Takatifu, mwaka 1969.

Ya tatu ni zaka: mali ya fedha iliyofikia kiwango na kukaa mwaka mzima hutolewa sehemu moja katika 40.

Ya nne ni kufunga Ramadhani. Kwetu Unguja mchana haubadiliki sana. Huku mwezi unarudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa jua, na kila majira yana mtihani wake. Mwaka 2016 tulifunga mwezi wa Juni, zaidi ya saa 18 kwa siku. Mwaka 2030 Ramadhani inatarajiwa kuanza mara mbili, Januari na Desemba, na mchana wake utakuwa mfupi.

Ya tano ni Hija, mara moja katika umri, kwa mwenye uwezo.

Na ihsani ni kumwabudu Mungu kana kwamba unamwona. Kwani ikiwa humwoni, Yeye anakuona.

Nimalizie na swala ya maiti. Huswaliwa kwa kusimama tu, bila rukuu wala sijda, kwa takbira nne. Sisi wa madhehebu ya Shafi baada ya takbira ya kwanza tunasoma Alhamdu. Baada ya pili tunamswalia Mtume. Baada ya tatu tunamwombea maiti. Baada ya nne tunaomba dua fupi, kisha tunatoa salamu. Haizidi dakika chache. Sisi wazee ndio tulio karibu na kuondoka. Tunataka kuswaliwa na watoto wetu, wakijua wanachokisema.

Ombi langu kwa kila nyumba ni moja. Chagueni usiku mmoja katika wiki, zimeni televisheni na simu, waacheni watoto waulize. Mnalolijua, jibuni. Msilolijua, semeni hamlijui, mkalitafute pamoja nao.

Kijana aliyeninong'oneza siku ile yumo humu ukumbini. Amejifunza. Kesho baada ya Alasiri, yeye ndiye atakayewaonesha wadogo zake swala ya maiti, na mimi nitakuwa safu ya nyuma.

Wabillahi tawfiki. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.