Saa Zinazoanza Kuhesabiwa Malampaka

Mchukue mama mkulima wa pamba wa Malampaka, wilayani Maswa. Usiku mmoja, baada ya kula nyama, anashikwa na maumivu makali chini ya mbavu za kulia. Yanapanda hadi begani, anatapika, homa inafuata. Siku ya kwanza ataambiwa ni kichomi; ya pili, vidonda vya tumbo, na atanunuliwa vidonge dukani. Zahanati ni siku ya tatu. Hospitali ya wilaya itampima kwa altrasaundi na kuona jiwe limeziba shingo ya kifuko cha nyongo, kuta zimevimba. Akipewa rufaa ya Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, hadi gari lipite Mwigumbi na kushika barabara ya Mwanza, siku ya tano imeingia.

Swali la mhadhara huu ni afanyiwe nini akifika.

Siku za mwanzo uvimbe umejaa majimaji yanayosaidia kukibandua kifuko kwenye ini. Zikipita siku nyingi, nyama hushikana na kuwa ngumu, na mrija mkuu wa nyongo hujificha humo. Ukikatwa kwa bahati mbaya, mgonjwa anaweza kuteseka miaka mingi. Ndiyo maana madaktari walifundishwa kupoza kwa antibiotiki, kumruhusu mgonjwa na kumwita baada ya wiki sita hivi. Hata kifuko kilipoanza kutolewa kwa matundu madogo, kazi aliyoianza Erich Mühe nchini Ujerumani mwaka 1985, hofu hiyo ilibaki.

Mwaka 2013 ilipata jibu. Wagonjwa 618 wa hospitali 35 za Ujerumani na Slovenia waligawanywa: wengine walipasuliwa ndani ya saa 24 za kulazwa, wengine kati ya siku ya 7 na ya 45. Madhara yaliwapata asilimia 11.8 ya waliowahishwa na asilimia 34.4 ya waliosubirishwa.

Lakini mama wa Malampaka keshapitisha saa 72 tangu maumivu yaanze, mpaka uliozoeleka wa kupasua mapema. Kwake yeye, utafiti mdogo wa Lausanne, Uswisi, uliochapishwa mwaka 2016, una uzito zaidi: uliwachukua wagonjwa 86 ambao wote walikuwa wameugua zaidi ya saa hizo 72, na bado waliopasuliwa mapema walipata nafuu kuliko waliosubirishwa. Kuchelewa njiani, basi, si sababu ya kucheleweshwa tena wodini, ilimradi mwili unahimili dawa ya usingizi na daktari ni mzoefu. Pasipo kamera ya upasuaji wa matundu madogo, ipo chale ya kawaida, aliyoitumia Carl Langenbuch mjini Berlin mwaka 1882.

Kanda ya Ziwa ina sababu nyingine ya kuharakisha: selimundu. Chembe nyekundu zinazovunjika kila siku huzalisha mawe ya nyongo hata kwa vijana wadogo, na kijana mwenye ugonjwa huo huhitaji maji, oksijeni na pengine damu kabla ya kisu.

Kwa hiyo altrasaundi ikishaonyesha jiwe Maswa, simu ipigwe Mwanza kabla gari halijawashwa. Na barua ya rufaa itaje saa maumivu yalipoanza kule nyumbani, si saa mgonjwa alipopokelewa mapokezi.