Ardhi ya Mji Isinunuliwe Gizani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Leo twataka kusema neno juu ya ardhi inayonunuliwa na mji. Labda mwingine atauliza, jambo hilo latuhusu nini sisi watu wa reli? Latuhusu sana. Fedha za mji ni kodi zetu, na leseni za vibanda vya wake zetu, na ushuru wa soko. Tena, mwenzetu akifa naye hana nauli ya kurudishwa kwao, ni ardhi ya mji itakayompokea.

Natutoe mfano ambao Nairobi haijausahau. Makaburi ya Lang'ata yalikuwa yamejaa, basi Baraza la Jiji likatafuta mahali pengine. Mwaka 2008 na 2009 likanunua ekari 120 huko Mavoko kwa shilingi milioni 283. Gawanyeni wenyewe: kila ekari ilizidi milioni mbili na robo. Baadaye ikajulikana kwamba ardhi ile ni mawe, haifai kuchimbwa kaburi. Tena ikajulikana kuwa mwenye shamba alipata kama milioni 110. Zilizobaki zilipita katika mikono mingine. Maofisa walishtakiwa, na kesi ikaendelea hata mwaka 2018 mahakama ilipowahukumu kifungo. Lakini hukumu hailainishi mwamba. Maiti zetu bado zapelekwa Lang'ata palepale.

Sasa, wakubwa hutuambia hivi: "Tukinunua ardhi hadharani, mwenye kuuza atajua tuna fedha ngapi, naye atapandisha bei." Ndugu, neno hilo si la uongo, na sisi watu wa chama twalijua. Kamati yetu ikienda kupatana na tajiri juu ya mishahara, haimwambii kiwango cha mwisho tutakachokubali. Mlango hufungwa, nasi hatulalamiki. Lakini kabla ya kutia sahihi, kamati hurudi kwetu na kusema: tumefika hapa, mwasemaje? Kamati ikitia sahihi kwanza na kutuambia baadaye, tutaiondoa katika uchaguzi.

Basi na mji ufanye vivyo hivyo. Bei ya mwisho na ifichwe wakati wa kupatana. Lakini kabla shilingi moja haijatoka, wananchi waambiwe mambo manne: ni shamba gani, na mwenyewe ni nani hasa; mthamini wa serikali amesema lina thamani gani; nani amelipima udongo na ameona nini; na fedha zitalipwa kwa nani. Mambo haya hayamsaidii muuzaji kupandisha bei. Humzuia mwizi tu. Hata karani wa stesheni hatii sahihi kabla ya kuhesabu magunia.

Tulipokuwa shule ya misheni tulifundishwa habari za Ibrahimu alipofiwa na Sara. Alitaka mahali pa kuzika, naye alikuwa mgeni katika nchi. Hakwenda kwa Efroni usiku. Alisema naye langoni pa mji, watu wote wakisikia, akapima shekeli 400 za fedha mbele yao. Kwa hiyo kila mtu alijua shamba ni lipi, bei ni ngapi, na nani amelipwa. Lile nalo lilikuwa shamba la makaburi.

Nasi leo tunalo lango letu. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 196 chataka bunge la kaunti lifanye kazi yake kwa uwazi. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari yasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili, na ofisi yapaswa kujibu katika siku 21. Asiyejua kuandika, ofisa amwandikie. Ofisi ikikataa, iko tume ya kupokea malalamiko ya raia.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali jambo moja. Kila tutakaposikia kwamba mji wataka kununua ardhi, ikiwa ya soko, ya shule au ya makaburi, katibu wetu wa tawi aandike barua siku ileile na kuuliza yale manne. Barua iwekwe faili, na siku 21 zihesabiwe. Jibu lisomwe hapa mbele ya wote, na pasipo jibu tupeleke malalamiko kwa tume. Tukingoja gazeti lituambie, tutasoma habari za fedha zilizokwisha kuliwa.

Umoja ni nguvu.