Kufuga Nyuki Penye Nyumba za Watu

(Hotuba iliyotolewa kwa wanachama katika mkutano wa tawi)



Nimeombwa kusema juu ya nyuki. Labda mtu atauliza, nyuki na chama cha wafanyakazi wapi na wapi? Jibu ni rahisi. Mshahara hautoshi, na mwanachama mwenye mizinga miwili mitatu hupata kitu cha kuongeza. Lakini tunakaa mlango kwa mlango, na mzinga ukiwekwa mahali pabaya utamwumiza mtoto wa mwenzake. Basi yafaa tupatane juu ya kanuni kabla ya kugombana.

Nyuki wetu wa Afrika ni wakali kuliko wale wa Ulaya. Mmoja akiuma, mwiba hubaki katika ngozi na kutoa harufu inayowaita wenzake. Ndiyo sababu mmoja huwa mia.

Wengine husema dawa ni kupiga marufuku. Tazameni mji wa New York, Marekani. Kufuga nyuki kulikatazwa huko mpaka Machi 2010, na watu walifuga kwa siri juu ya mapaa. Marufuku ilipoondolewa ziliwekwa kanuni: mwenye mizinga ajiandikishe, nyuki wapate maji daima, mizinga ikae pasiposumbua watu, na kundi likihama mwenyewe afike upesi kulishika. Fundisho ni kwamba mfugaji anayejificha hawezi kumwonya jirani yake.

Hapa Kenya, Katiba ya 2010 imezipa serikali za kaunti kazi ya mambo ya mifugo na ya kuzuia mambo yanayosumbua umma. Kwa hivyo ye yote anayetaka kufuga aanze kwa afisa wa mifugo wa kaunti na kwa mwenye ploti. Kisha sisi wenyewe tushike haya:

1. Waulize majirani kwanza. Penye nyumba zilizobanana usiweke mzinga kabisa. Afadhali wanachama kadhaa watafute shamba mbali na watu, wafuge pamoja.

2. Mlango wa mzinga usielekee njia, shule wala mahali pa watoto kuchezea. Mbele yake pawe na ua mrefu kupita kimo cha mtu, ili nyuki waruke juu ya vichwa.

3. Weka maji karibu na mzinga kila siku, pamoja na vijiti vya nyuki kutulia. Wakikosa maji watakwenda kwenye mfereji wa jirani.

4. Usifunge mbuzi, punda wala mbwa karibu. Mnyama aliyefungwa hawezi kukimbia.

5. Asali irinwe jioni, kwa moshi na nguo za kujikinga, na majirani waambiwe mapema wafunge milango.

Sasa juu ya kazini. Wako kati yetu wanaofyeka nyasi, wanaokata matawi, wanaochuma chai, wanaopanda milingoti. Mwajiri asiseme kuumwa na nyuki ni bahati mbaya tu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka alinde usalama wa watu wake kazini, na iko sheria nyingine ya mwaka huo huo juu ya fidia ya wanaoumia kazini. Mkiona kundi la nyuki, simamisheni kazi hapo, mwambieni msimamizi, na aitwe mtu anayejua kuwaondoa. Mtu akiumwa, mwajiri apewe habari siku ile ile, na mjumbe wa chama aambiwe.

Ukishambuliwa, funika uso, kimbia, ingia ndani na ufunge mlango. Usijitupe majini, maana watakungoja juu. Kwangua miiba upesi. Mtu akivimba uso au kupumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja.

Ndugu zangu, jirani aliyeulizwa huulinda mzinga. Jirani aliyedharauliwa ndiye anayekuja usiku kuuchoma moto, na hapo wote wawili hupata hasara. Naomba mkutano huu uchague watu watatu wazungukie kila mwanachama mwenye mizinga, waone kanuni hizi tano zimeshikwa, na watuletee habari katika mkutano ujao.