Nani Mwingine Nyumbani Kwenu?



Habari ya Geneva mmeisikia. Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya magonjwa adimu mwezi wa Mei 2025, na Shirika la Afya Duniani likaagizwa kutayarisha mpango wa miaka 10. Magonjwa hayo ni zaidi ya 7,000, na wanaoishi nayo duniani ni kama milioni 300. Tunalipokea azimio hilo kwa mikono miwili. Ila kuna jambo linatukaa rohoni hapa kwenye redio yetu ya Kamina. Mpango kama huo utaanza na wagonjwa wanaojulikana. Wa kwetu nani anawajua? Nani amewahesabu? Nani amewauliza?

Tuchukue ugonjwa mmoja kati ya hiyo 7,000. Unaitwa ugonjwa wa Turcot. Mtoto anazaliwa nao, na kwa macho ni mtoto mzima kabisa. Anapokaribia kubalehe, ndani ya utumbo wake mpana vinaanza kuota vinyama vidogo ambavyo waganga wanaviita polipo. Vinaweza kufika mamia, hata maelfu. Na baadhi ya watoto hao wanaotwa na uvimbe mwingine, huu wa ubongo. Tumbo na kichwa, ugonjwa mmoja, damu moja.

Jina ni la Jacques Turcot, daktari mpasuaji wa Québec, Kanada. Mwaka wa 1959 yeye na wenzake waliandika habari za kaka na dada, vijana wa nyumba moja, wote wawili wana polipo na saratani ya utumbo, wote wawili wana uvimbe katika ubongo au uti wa mgongo. Waliwaandika pamoja. Hapo ndipo jambo lilipoonekana: walipoandikwa pamoja.

Sasa tuje kwetu. Mama anafika kituo cha afya na kijana wa miaka 14 anayetoa damu chooni. Ni amiba, anaambiwa, na anapewa dawa ya amiba. Baada ya miezi damu inarudi, na dawa ya amiba inarudi. Mwaka unaofuata mdogo wake anaamka kila asubuhi kichwa kinamgonga, anatapika kabla hajala kitu, anatembea akiyumba. Ni malaria, anaambiwa. Malaria ikikataa, ni homa ya matumbo. Hatuwalaumu wauguzi, kwa sababu mara nyingi kweli ni amiba na kweli ni malaria. Lakini itazameni ile fishi ya mgonjwa. Ina jina, umri, avenyu, kilo, joto la mwili. Ndugu zake hawamo. Baba aliyekufa kwa tumbo akiwa na miaka 38 hayumo. Shangazi hayumo. Fishi ya kaka iko kwenye sanduku moja, fishi ya mdogo wake kwenye sanduku lingine, na hakuna mkono uliowahi kuziweka kwenye meza moja.

Hakuna aliyeuliza: nani mwingine nyumbani kwenu?

Kuna wanaouliza, wasikilizaji. Mfumu, mwaguzi wa kienyeji, anauliza. Mchungaji kwenye chumba cha maombi anauliza. Wanauliza vizuri, wanauliza mpaka kizazi cha babu, lakini wanatafuta mtu wa kumtwika lawama. Watoto wawili wakifa kwa mzazi mmoja, maneno yanaanza. Bibi mzee ananyoshewa kidole kwamba ni mlozi. Mjane anafukuzwa kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu. Mtoto wa tatu, naye akianza kuumwa, anawekwa kwenye kufunga na maombi badala ya kupelekwa kwa mganga wa hospitali. Swali lile lile ambalo hospitali ingelitumia kuokoa jamaa, wengine wanalitumia kuivunja jamaa. Hilo ndilo linalotuuma.

Na jibu lipo, limejulikana miaka mingi. Mwaka wa 1991 watafiti walitambua jeni inayoitwa APC, ambayo ikiwa na kasoro utumbo unajaa polipo. Mwaka wa 1995 ilionyeshwa kwamba ugonjwa wa Turcot una njia mbili. Njia ya kwanza ni hiyo ya APC: mzazi mmoja akiwa nayo, awe baba au mama, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuirithi, wa kike sawa na wa kiume. Njia ya pili inapitia jeni nyingine, zile zinazosahihisha makosa ndani ya chembe za mwili. Hapa mara nyingine baba na mama ni wazima, kila mmoja amebeba kasoro bila kujua, na mtoto akipokea zote mbili ndipo anaugua mapema, wakati mwingine na madoa ya rangi ya kahawa kwenye ngozi. Katika njia zote mbili hakuna mlozi. Hakuna bibi aliyekula mtu.

Tuliambiwa pia kwamba mambo ya polipo ni ya wazungu. Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi miaka mingi Mulago, Kampala, aliandika mwaka wa 1971 kwamba saratani ya utumbo ni nadra Afrika, na akaihusisha na chakula chetu chenye nyuzinyuzi nyingi. Alikuwa mtu wa kuhesabu kwa bidii, na tunamheshimu. Lakini alihesabu kilichofika hospitali kikaandikwa. Na bukari na lengalenga, hata ukila kila siku, haviondoi kasoro uliyozaliwa nayo. Polipo za kurithi zinakadiriwa kwa mtoto 1 kati ya 10,000 wanaozaliwa. Wenye kupata uvimbe wa ubongo ni wachache kati yao. Basi wachache hao katika jimbo letu wako wapi? Wameandikwa kwenye kitabu gani?

Tunasema kitabu kwa makusudi. Huko London, katika hospitali ya St Mark's, walianza kuandika jamaa zenye polipo tangu miaka ya 1920. Daktari mpasuaji Lockhart-Mummery alianza na jamaa tatu. Baadaye Cuthbert Dukes na msaidizi wake wa maabara, Bussey, wakaendelea kuandika: baba, watoto, wajukuu, nani ameugua, nani amekufa, nani bado hajapimwa. Hapakuwa na kipimo cha jeni wakati huo, hata umbo la DNA lilikuwa halijulikani. Palikuwa na karatasi, kalamu, na mtu mwenye subira ya kuuliza. Wakamtambua mtoto kabla hajaumwa, wakamtazama utumbo, na ilipolazimu wakamtoa utumbo mpana kabla haujageuka saratani. Bila hivyo karibu kila mwenye polipo hizi za kurithi anapata saratani, wengi wao wakiwa na umri wa kama miaka 40. Arobaini! Umri wa mtu mwenye watoto shuleni.

Mtatuambia: London ni London. Na kweli, hapa tunarudi kwenye lile tunalolisema kila mara, na tutalisema tena. Kamina ni makao makuu ya jimbo letu tangu 2015. Tulipotengwa na Katanga ya zamani tuliahidiwa huduma karibu. Zaidi ya miaka 10 imepita, na mgonjwa akihitaji skana ya kichwa anaambiwa Lubumbashi. Akihitaji kamera ya kutazama utumbo, Lubumbashi. Mamia ya kilomita za reli, na treni inayofika siku inayotaka. Jamaa inauza mbuzi, inauza baiskeli, inauza shamba, na wengine wanafika Lubumbashi na franga zimekwisha njiani. Kila kitu kinaishia Lubumbashi. Mpaka lini? Bwana Gavana, waheshimiwa wa Bunge la jimbo, bajeti inayokuja ituambie: kamera ya kutazama utumbo italetwa Kamina lini? Mwaka gani? Mwezi gani?

Lakini kitabu hakingojei bajeti. Kidole chenye glavu hakingojei bajeti, mtusamehe kulisema hewani: polipo za ugonjwa huu mara nyingi zinafika mpaka mwisho kabisa wa utumbo, na mganga anaweza kuzigusa. Mganga wa macho naye anaweza kuona kwa wengi wao madoa meusi nyuma ya jicho, kwa taa yake ya kila siku. Haya yanawezekana Kamina leo. Kinachokosekana ni swali.

Kwa hiyo waganga wakuu wa zoni za afya, tunawaomba. Hapana, tunawasihi! Wekeni mstari mmoja kwenye fishi: nani mwingine nyumbani kwenu? Mtoto akitoa damu na dawa ya amiba ikashindwa mara mbili, ulizeni. Mtoto akitapika asubuhi kichwa kikimuuma, ulizeni. Baba akifa kijana kwa ugonjwa wa tumbo, waiteni watoto wake wote, kuanzia wa miaka 10, muwatazame. Wachungaji, mtoto wa namna hiyo akiletwa kwenu, ombeni, kisha mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na msilitaje jina la bibi yake!

Na ninyi wazazi wa Sobongo, wa Dimayi, wa kila mtaa, msingoje kuulizwa. Ukifika mbele ya muuguzi, kabla hajafunga fishi, mwambie: baba yake alikufa kwa tumbo. Dada yake alikufa kwa kichwa. Andika. Akikuambia hakuna nafasi, mwambie ageuze karatasi, aandike nyuma!