Mfereji Ukikaa Kimya

Huku milima ya Upare, maji ya ndiva hukusanywa usiku, na mchana hufunguliwa yakashuka mashambani kwa zamu. Mkulima mwenye busara hapandi mlima kila saa kuuliza kama zamu yake imefika. Husafisha mfereji wake, akaendelea na palizi; maji yakija atayaona.

Baadhi ya programu za kompyuta hazina busara hiyo. Tuseme kompyuta ya wakala mjini Same huiuliza ile kuu iliyoko Dar es Salaam kila sekunde: "Kuna ujumbe?" "Hakuna." "Na sasa je?" Mawakala wakiwa elfu, ile kuu huelemewa na maswali, na wakala humaliza kifurushi chake kwa kujibiwa "hakuna".

Dawa ipo. Soketi, yaani mlango wa mawasiliano, iachwe wazi. Programu ilale, na ujumbe ukifika iamshwe. Linux ina kiamshi cha namna hiyo, epoll, tangu 2002. Kanuni ya WebSocket, inayoacha njia wazi hata kwa kurasa za intaneti, ilitolewa 2011.

Lakini tahadhari. Mfereji mkavu una maana mbili: zamu bado, au kingo zimebomoka huko juu. Soketi iliyokatika nayo yaweza kunyamaza vivyo hivyo. Basi, kimya kikizidi dakika moja, pande mbili zipeane salamu fupi. Isipojibiwa, njia ifunguliwe upya. Asiyefanya hivyo atashinda kutwa akingojea maji yanayomwagika kwa jirani.

Kwaherini hadi juma lijalo.