Dau la Aliyeshindwa

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Leo nataka kumzungumzia mtu aliyekubali kushindwa, akaenda zake nyumbani, halafu akafuatwa na kuambiwa: "Rudi, kumbe umeshinda."

Kwetu ni Kingerikiti, kwenye milima iliyo juu ya Ziwa Nyasa. Huko kahawa ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba, ndiyo mahari. Jamaa zangu kumi na wanne waliunda kikundi, wakachanga fedha kwa misimu miwili ili wanunue mashine ya kumenya kahawa mbivu. Mpya ilikuwa imewazidi kimo. Kijana wetu mmoja aliyeko Uingereza akaiona iliyotumika katika mnada wa kwenye mtandao. Kikundi kikakaa, kikahesabu, kikampa ruhusa ya kufika pauni 480 na asiongeze hata moja.

Mnada ukafungwa usiku. Tulishindwa. Mtu mmoja asiyejulikana alikuwa ametaja 485. Watu waliguna, wakakubali, wakarudi shambani.

Siku ya tatu ukaja ujumbe kutoka kwa muuzaji. Aliyeshinda hakulipa. Mashine ni yenu kwa dau lenu la mwisho, pauni 480. Mna siku tatu za kujibu. Kijana alinipigia simu kwa furaha, nami nikapiga Kingerikiti kwa furaha hiyo hiyo. Wote walishangilia isipokuwa mama mmoja mzee, mweka hazina wa kikundi. Akaniuliza: "Mwanangu, huyo aliyekimbia ndiye aliyetupandisha mpaka huko juu. Sasa yeye ameondoka, mbona bei yake imebaki?"

Ndugu wasikilizaji, nilikosa jibu. Tukarudi kwenye orodha ya madau. Tuliyekuwa tukishindana naye kabla ya huyo mgeni kuingia aliishia pauni 300. Mnada ule ulipanda kwa hatua ya pauni tano. Maana yake, kama mgeni asingeingia, mashine ingekuwa yetu kwa pauni 305. Mgeni aliingia, akasukuma tano tano mpaka akatupita, akatoweka. Sasa tunaombwa tulipe pauni 175 zaidi kwa sababu ya mtu ambaye hakununua kitu.

Hebu tueleze jinsi minada hii inavyofanya kazi. Mkubwa kati yake ni eBay, ulioanzishwa Marekani na Pierre Omidyar mwaka 1995. Wewe mnunuzi unauambia mtambo kiwango chako cha juu kabisa, nao unakutajia bei kidogo kidogo, kiasi tu cha kumzidi mwenzako. Kiwango chako ni siri. Mawazo ya mnada wa namna hii yalichambuliwa na mwanauchumi William Vickrey katika makala yake ya mwaka 1961: mshindi alipe kile kilichotajwa na wa pili yake, ili kila mtu asiogope kusema thamani ya kweli moyoni mwake. Vickrey alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1996, akafariki siku chache tu baada ya kutangazwa.

Tatizo liko hapa. Siri hiyo hulindwa kwa mshindi peke yake. Ukishindwa, kiwango chako cha juu kimekwisha kufichuka, kwa sababu mwenzako amekipita. Muuzaji anakiona. Na kanuni za eBay zinamruhusu kukuletea toleo la nafasi ya pili iwapo mshindi hakulipa, au ana bidhaa nyingine ya aina ile ile, au bei haikufika kiwango alichokiweka. Bei ya toleo hilo ni dau lako la juu kabisa. Huna wajibu wa kukubali, wala hukosi chochote ukikataa.

Muuzaji mwaminifu anatumia njia hii kwa haki. Mtu kamtoroka, naye amebaki na mzigo. Lakini muuzaji asiye mwaminifu ameonyeshwa mlango. Anamweka shemeji yake, au anajisajili kwa jina la pili, anasukuma bei hadi ajue mfuko wako una kiasi gani. Akishakupita, shemeji "anashindwa kulipa," nawe unaletewa barua ya huruma. Wanaonunua mitumba mnadani wanawajua watu hawa: ni wapambe wa dalali, wale wanaoshika koti, wanataja bei kubwa, kisha wanalirudisha jioni nyuma ya gari.

Sheria yetu haikulala. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania inasema muuzaji hawezi kujitajia bei mnadani, yeye au wakala wake, bila kutangaza mapema kwamba amejiwekea haki hiyo. Akifanya hivyo kwa siri, mnunuzi anaweza kuuhesabu mnada huo kuwa ni wa udanganyifu. Tena ni kanuni ya zamani ya minada kwamba dau likipitwa limekufa. Halikudai tena. Kwa hiyo barua inayokuja baada ya nyundo kugonga ni biashara mpya kabisa, nanyi mna haki ya kuanza mazungumzo upya.

Wakulima wa nchi hii wanalijua jambo hilo kwa upande wa pili. Mwezi Oktoba 2018, wakulima wa korosho wa Tandahimba na Newala walizikataa bei walizotajiwa mnadani. Hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa mnada umeitishwa basi lazima wauze. Mwezi uliofuata Serikali ikatangaza kuzinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Yaliyofuata baada ya hapo yana mjadala wake, lakini somo la mnadani ni moja: muuzaji ana haki ya kusema hapana. Basi mnunuzi naye anayo.

Kuna hatari nyingine, mbaya kuliko hiyo. Matapeli huangalia mnada unapofungwa, kisha humwandikia aliyeshindwa kana kwamba ndio wenye mali. Barua huja katika anwani ya kawaida, nje ya mnada wenyewe, na humtaka mtu atume fedha moja kwa moja. Huyo hana mashine wala skrubu ya mashine. Toleo la kweli utalikuta ndani ya akaunti yako ya mnada. Usipolikuta humo, futa barua ukalale.

Turudi Kingerikiti. La kwetu lilikuwa ndani ya akaunti, basi tulimjibu muuzaji kwa heshima: tutalipa 305, bei ambayo ingekuwa yetu bila huyo mgeni wake. Hakujibu. Siku tatu zikapita. Wiki iliyofuata mashine ile ile ilirudi mnadani.

Kikundi hakikutaja dau tena. Msimu ule kahawa ilimenywa kwa mashine ya jirani, kwa zamu, watu wakikesha na taa hadi alfajiri ili mbivu zisichachuke. Nilipokwenda kuwaona, kijana mmoja alinilaumu waziwazi: "Baba mdogo, kwa ajili ya pauni 175 tumekesha miezi mitatu." Sikumwona kuwa mjinga. Anayebeba debe usiku ana haki ya kuhesabu usiku wake.

Lakini mama mweka hazina alifungua daftari akamwonyesha: fedha za kikundi zote zipo, na mavuno yale yameziongeza. Mwaka uliofuata walinunua mashine Mbinga mjini, wakaizungusha kwa mikono yao wenyewe kabla ya kulipa.

Ndugu wasikilizaji, ukiitwa urudi mnadani baada ya kushindwa, usikimbilie kufurahi. Kwanza uliza aliyekushinda yuko wapi. Na kama hayupo, mwambie muuzaji aondoe na bei yake.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.